Konveta ya wati 1,000 kwa bajaji ya haidrojeni: hesabu joto kabla ya kushika lehemu

Bajaji yenye dereva na abiria watatu, ikipanda kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma, inadai karibu kilowati 3.5 kutoka kwenye betri. Dakika kumi baadaye iko kijiweni Nkuhungu, mota imezimwa, dereva anasubiri mteja. Staki ndogo ya seli za haidrojeni haiwezi kukimbizana na maisha ya namna hiyo, wala isilazimishwe. Mpangilio unaofaa ni betri kubeba milima na kuondoka kwa ghafla, staki kutoa umeme mdogo usioyumba, na kati yao kukaa konveta ya kupandisha volti. Mwongozo huu ni wa konveta hiyo.

Vipimo tunavyotumia ni vya staki ya seli 48 inayopozwa kwa hewa. Seli moja bila mzigo hutoa karibu volti 0.95, na kwenye mzigo kamili hushuka hadi 0.6. Kwa hiyo staki nzima inacheza kati ya volti 46 na volti 28.8, na hapo chini inatoa ampea 35, yaani wati 1,008. Betri ni ya lithiamu-chuma-fosfeti, seli 24, ampea-saa 40: ikijaa ni volti 86.4, wastani 76.8, na ikikaribia kuisha ni 67. Angalia namba hizo vizuri. Volti ya staki haifikii volti ya betri wakati wowote, kwa hiyo hakuna haja ya konveta inayopandisha na kushusha. Ya kupandisha tu inatosha, na hiyo pekee imekupunguzia nusu ya mosfeti, yaani swichi za kielektroniki, na matatizo yake.

Staki inavumilia nini

Wengi huanza na mosfeti. Anza na staki, maana ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote kwenye chombo na ndiyo inayoharibika bila kutoa moshi.

Kwanza, haipendi mkondo kupanda ghafla. Ukidai ampea 30 kabla feni hazijaongeza hewa, oksijeni ndani ya seli inaisha na volti inaanguka. Ikiwa ni haidrojeni iliyopungua, seli dhaifu inaweza kugeuka hasi ikisukumwa na wenzake, na kaboni inayoshikilia kichocheo cha platinamu inaliwa. Weka kikomo cha ampea 4 kwa sekunde wakati wa kupanda. Kushuka hakuna shida. Mkondo unaweza kukatwa papo hapo.

Pili, haipendi kukaa bila mzigo. Seli ikikaa juu ya volti 0.85 kwa muda mrefu platinamu inachakaa. Betri ikijaa, ama zima staki kabisa ama endelea kuvuta ampea 2 hadi 3. Usiiache ikielea.

Tatu, mawimbi ya mkondo. Mawimbi ya haraka, ya kilohezi 100 na kuendelea, yanamezwa kwa kiasi kikubwa na seli zenyewe kwa sababu kuta zake hufanya kazi kama kapasita. Yale ya polepole, ya makumi au mamia ya hezi, ndiyo yanayofika hadi kwenye gesi na kuchosha utando. Lengo letu ni mawimbi yasiyozidi asilimia 5 ya mkondo, na yote yawe ya haraka.

Nne, na hapa ndipo konveta nyingi za kujitengenezea zinapoua staki: umeme usirudi nyuma. Betri ikipata njia ya kusukuma mkondo ndani ya staki, uharibifu hautengenezeki. Tutalirudia hili kwenye dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu.

Kwa nini fezi mbili

Badala ya koili moja ya ampea 35, tumia mbili za ampea 17.5, kila moja na mosfeti zake, zikiwashwa kwa kupishana nusu mzunguko. Kilohezi 100 kwa kila fezi, yaani kila koili na mosfeti zake. Faida yake inaonekana kwenye hesabu. Kutoka volti 28.8 kwenda 80, dyuti, yaani sehemu ya muda ambayo mosfeti ya chini (inayounganisha koili na hasi) imewaka, ni 1 toa 28.8/80, sawa na 0.64. Koili ya mikrohenri 47 itakuwa na wimbi la ampea 3.9. Lakini koili moja inapopanda nyingine inashuka, na jumla inayoonekana na staki ni ampea 1.7 tu, kwa kilohezi 200. Hiyo ni asilimia 4.9 ya ampea 35, na bado kapasita za kuingilia hazijafanya kazi yake. Staki ikiwa kwenye volti 40 dyuti inakaribia 0.5, na hapo mawimbi mawili yanafutana karibu yote.

Upande wa kutokea faida ni kubwa zaidi. Kwa fezi moja kapasita zingebeba mkondo wa mawimbi wa ampea 16.8; kwa fezi mbili ni 7.9. Kapasita ndiyo inayokufa mapema kwenye joto, kwa hiyo hapo umenunua miaka.

Magari makubwa yanakwenda kwa mantiki hiyohiyo. Toyota Mirai, gari la haidrojeni, ya mwaka 2014 ilikuwa na seli 370 na konveta ya fezi nne ya kupandisha hadi volti 650. Ya pili, ya mwaka 2020, ikapunguza seli hadi 330 na kuingiza mosfeti za silikoni kabaidi. Sisi kwa volti 86 hatuhitaji silikoni kabaidi. Silikoni ya kawaida ya volti 150 inatosha, na anayekuuzia zaidi ya hapo anakuuzia fahari.

Kusuka koili

Chukua ringi za unga wa chuma-silikoni-alumini, upenyezaji 60, kipenyo cha nje milimita 40, cha ndani 24, urefu 14.5. Ringi moja ya aina hii ina nanohenri 81 zikizidishwa kwa mraba wa idadi ya mizunguko. Weka mbili moja juu ya nyingine kwa kila koili, zifunge kwa utepe wa kuvumilia joto, kisha suka mizunguko 20. Ukipima bila mkondo utapata karibu mikrohenri 65. Usishangae kuona imezidi. Ringi za unga hupungua taratibu mkondo unapopanda, na kwenye ampea 17.5 utabaki na karibu 45, ambayo ndiyo tuliyoitaka. Ringi za feraiti bila mwanya hazina huruma hiyo: zinashikilia, zinashikilia, halafu zinaachia zote kwa mpigo na mosfeti inakwenda nazo. Ringi za kijani au za njano na nyeupe zilizochomolewa kwenye pawasapulai za kompyuta pia hazifai hapa. Kwa kilohezi 100 na mkondo huu zitaiva.

Waya hautafutwi mbali. Mafundi wa kusuka mota wanao waya wa shaba wenye vanishi, geji 19, ambao ni milimita 1. Kata nyuzi 5 za mita 2, zisokote kwa ulegevu, suka zote pamoja kwa tabaka moja. Jumla ni karibu milimita 4 za mraba, ukinzani karibu miliomu 7. Kwa nini nyuzi tano na si waya mmoja mnene? Sababu kubwa ni vidole vyako: waya wa milimita 2.3 hauzunguki ringi ndogo bila kukwangua vanishi. Suala la mkondo kukimbilia ngozi ya waya lipo, lakini hapa wimbi ni ampea 4 juu ya 17.5 zilizotulia, kwa hiyo hasara yake ni ndogo.

Kabla ya kufunga, pima kama waya umegusa ringi. Kona za ringi hukwaruza vanishi, na ringi ya unga hupitisha umeme kidogo. Pia kwangua vanishi kwenye ncha za nyuzi zote tano. Uzi mmoja ukibaki na vanishi, nne zitabeba mzigo wa tano na hutajua mpaka uone koili moja ina joto kuliko mwenzake.

Mosfeti, dayodi na uamuzi wa kweli

Mosfeti ya chini: volti 150, ukinzani usiozidi miliomu 5.1, kwa mfano IPP051N15N5 yenye kifuko cha TO-220. IRFB4115 inapatikana kirahisi zaidi lakini ukinzani wake ni hadi miliomu 11, na utalipa wati 3 zaidi kwenye mosfeti za chini pekee.

Kabla ya kuzichoma kwenye bodi, pima kila moja. Mosfeti bandia zimejaa sokoni, zikiwa na jina lililochapwa upya juu ya chipu ndogo. Mosfeti ina miguu mitatu: geti inayoiwasha, dreni na sosi ambako mkondo unapita. Ipe volti 12 kati ya geti na sosi, pitisha ampea 10 kwa sekunde mbili tatu, soma milivolti kati ya dreni na sosi karibu kabisa na kifuko. Halali itasoma milivolti 50 au pungufu. Ukiona 100 na kitu, irudishe kwa muuzaji.

Juu, yaani kati ya koili na betri, unaweza kuweka mosfeti nyingine au dayodi ya Schottky. Vitabu vitakuambia mosfeti ya juu ndiyo ufanisi. Tuhesabu. Mkondo wa kutokea ni ampea 12.6, dayodi ya volti 150 inakula karibu volti 0.8, hivyo wati 10. Mosfeti mbili za juu zinakula karibu wati 2 kwa kupitisha mkondo, lakini dayodi ya ndani ya mosfeti ina tabia ya kuchelewa kufunga, na uchelewaji huo unaigharimu mosfeti ya chini karibu wati 3 kwa fezi mbili. Ongeza nusu wati ya ule mwanya ambao zote mbili zimezimwa. Tofauti halisi inabaki wati 4 hadi 5 kati ya 1,000.

Kwa tofauti hiyo, kama ni konveta yako ya kwanza, weka Schottky. Haina geti la kukosea muda, haiwezi kufunguka sambamba na ya chini, na haina njia ya kurudisha umeme wa betri kwenye staki. Tumia yenye dayodi mbili ndani ya TO-220 moja, volti 150, ampea 40. Chora bodi kwa ajili ya mosfeti, halafu toa rezista ya geti na unganisha tundu la mguu wa kwanza na la tatu: katodi ya katikati inaangukia palepale dreni ilipo. Siku ukiwa tayari, unabadilisha bila kuchora upya.

Siku hiyo ikifika, programu lazima izime mosfeti za juu kila mkondo wa fezi ukishuka chini ya ampea 3, dayodi za ndani ziendelee na kazi. Na hata hivyo weka dayodi au mosfeti ya kuzuia kwenye nyaya za staki. Programu hukwama, staki haisubiri uiwashe upya.

Draiva ya geti, yaani chipu inayowasha na kuzima mosfeti ya juu na ya chini, iwe ya nusu-daraja inayovumilia volti 120 upande wa juu, kama UCC27211A, ikilishwa volti 12. Rezista ya geti omu 4.7 kuwasha, kuzima pitisha omu 2.2 kwa dayodi ndogo. Kama umeweka mosfeti za juu, mwanya kati ya kuzima moja na kuwasha nyingine uwe nanosekunde 80 kwa kuanzia.

Bodi: nanohenri zinaua

Mkondo wa ampea 17.5 unahama kutoka mosfeti ya chini kwenda juu kwa nanosekunde 15 hivi. Kila nanohenri 10 kwenye njia hiyo inazaa volti 12 za ziada. Njia yenye nanohenri 30 itaongeza volti 35 juu ya 86, jumla 121, na mosfeti ya 150 itapona. Ikiwa 60, jumla inapita 150 na itakufa bila sababu utakayoiona kwenye mita ya kawaida. Mguu wa TO-220 ni karibu nanohenri 1 kwa kila milimita, kwa hiyo kata miguu mifupi kadiri inavyowezekana. Kapasita za seramiki za mikrofaradi 1, volti 250, zikae mbili kwa kila fezi, katikati kabisa ya mosfeti ya chini na dayodi ya juu. Kuzisogeza sentimita tatu kwa sababu ya urembo ni kosa la kawaida na la gharama.

Bodi iwe na shaba ya mikroni 70, pande mbili. Hata hiyo haitoshi kwa ampea 35, kwa hiyo lehemu waya mtupu wa shaba wa milimita 4 za mraba juu ya njia za staki.

Kapasita za kutokea: filamu ya polipropilini mikrofaradi 10, volti 250, nne, pamoja na elektroliti mikrofaradi 220, volti 160, nyuzi 105, nne. Usidanganywe na elektroliti za volti 100: zimebaki volti 13 tu juu ya betri iliyojaa. Za kuingilia: filamu mbili za mikrofaradi 10 na elektroliti moja ya 470, volti 63.

Joto linatoka wapi

Haya ndiyo makisio kwenye mzigo kamili, volti 28.8 kwenda 80, ukiwa na mosfeti juu na chini:

- mosfeti kupitisha mkondo, zikiwa moto: wati 5
- kuwasha na kuzima: wati 12
- koili mbili: wati 7, nyingi zikiwa za shaba
- geti na mwanya: wati 1
- shanti (rezista ndogo ya kupimia mkondo), fyuzi na viungio: wati 4
- saketi ya udhibiti: wati 2

Jumla 31, ufanisi asilimia 96.9. Ukiweka Schottky ni karibu 96.5.

Staki yenye seli za volti 0.6 hutumia karibu gramu 63 za haidrojeni kwa saa, hivyo wati 31 ni gramu 2 tu. Haidrojeni haiuzwi kwenye vituo vyetu vya mafuta na kila gramu ina safari ndefu nyuma yake, lakini sababu kubwa ya kupunguza hasara si gesi. Ni kwamba wati hizo zote zitakaa ndani ya boksi lililofungwa, nyuma ya bajaji, mchana wa Oktoba.

Tazama tena orodha. Viungio na fyuzi zinakula karibu sawa na mosfeti zote nne zinapopitisha mkondo. Terminali moja iliyolegea yenye miliomu 2 ni wati 2.5 pekee yake. Mtu anayehangaika kutafuta mosfeti bora huku amebana nyaya kwa koleo la kawaida anafagia uwanja wakati wa upepo.

Vumbi, ukavu na mwinuko

Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa ni kama asilimia 12 chini ya la Dar es Salaam, na hilo linagusa vitu viwili. Staki inapata oksijeni pungufu, kwa hiyo weka kikomo cha mkondo kwenye ampea 30 badala ya 35. Utabaki na karibu wati 900 na staki itadumu. Na feni inapoza kidogo kuliko jedwali la kiwandani linavyosema.

Kwa vumbi letu, usiweke feni ya kupuliza juu ya bodi. Vumbi hujaa kwenye mapezi, na mvua za Desemba zikianza linakuwa tope linalopitisha umeme kati ya miguu ya mosfeti. Tumia boksi la alumini lililofungwa kwa mpira, mosfeti zikibanwa kwenye ukuta wake kupitia pedi ya kuhami, mapezi yakiwa nje na yakisimama wima ili vumbi lianguke. Mosfeti zinatoa wati 17 hadi 18. Ukikadiria hewa ya nyuzi 45 nyuma ya kiti na ukitaka bamba lisizidi 75, unahitaji bamba la mapezi lisilopanda joto zaidi ya nyuzi 1.6 kwa kila wati. Chukua lenye nyuzi 1, kwa sababu mapezi hayatabaki safi. Bodi yenyewe ipake vanishi ya kuhami ikishafaulu majaribio yote, si kabla.

Ukavu wa kuanzia Juni hadi Oktoba unaumiza utando wa staki, maana seli hizi zinataka unyevu. Dalili yake kwa konveta ni volti kushuka taratibu bila mkondo kuongezeka. Programu ipunguze mkondo volti ikifika 26.4, yaani 0.55 kwa seli, na ikate kabisa kwenye 24. Kuhusu hewa, kichujio cha vumbi peke yake hakitoshi; weka na tabaka la mkaa amilifu. Moshi wa malori una salfa, na amonia ya zizi la ng'ombe ni sumu kwa utando. Bajaji hii isilazwe karibu na zizi.

Udhibiti

Kinachodhibitiwa ni mkondo unaotoka kwenye staki, si volti ya kutokea. Betri ndiyo inayoamua volti. Maikrokontrola kama STM32G474 ina kipima muda chenye hatua ndogo sana kinachofaa kazi hii. Pima mkondo wa kila fezi katikati ya muda ambao mosfeti ya chini imewaka. Hapo ndipo usomaji unalingana na wastani na kelele za kuwasha zimeshapita. Kila fezi iwe na kidhibiti chake, la sivyo fezi yenye ukinzani mdogo itajitwisha ampea 25 na mwenzake 10. Pamoja na hivyo weka shanti moja ya miliomu 1 kwenye waya wa staki, kwa sababu kwenye mizigo midogo, chini ya ampea 4, mkondo wa koili hukatika kila mzunguko na kipimo cha katikati kinadanganya kwa kuzidisha.

Kitanzi cha mkondo, yaani sehemu ya programu inayopima na kurekebisha mkondo bila kukoma, kiwe na kasi ya kilohezi 3 hivi. Kitanzi cha volti, kinachopunguza mkondo betri ikikaribia 86.4, kiwe cha polepole, hezi 50 zinatosha. Usijaribu kukiharakisha: konveta ya kupandisha ina tabia ya kinyume, ukiongeza dyuti umeme wa kutokea hushuka kwanza ndipo upande, na kwa vipimo hivi tabia hiyo inaanza kusumbua karibu na kilohezi 6. Kitanzi chenye haraka kitaanza kuyumba.

Ulinzi wa volti kuzidi uwe wa saketi, si wa programu. Betri za siku hizi zina bodi ya ulinzi inayoweza kujikata katikati ya safari. Ikijikata, ampea 12.6 zinabaki zikiingia kwenye mikrofaradi 920, na volti inapanda karibu 14 kwa kila milisekunde. Kutoka 86 hadi 95 ni chini ya milisekunde 0.7. Programu inayokagua kila milisekunde 10 itakuta majivu. Weka kompareta, saketi ya kulinganisha volti, inayozima draiva moja kwa moja kwenye volti 95.

Fyuzi ya DC ya ampea 50 upande wa staki, 25 upande wa betri, na kontakta (swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme) kila upande. Konveta ya kupandisha haiwezi kujizuia yenyewe ikipigwa shoti upande wa kutokea, umeme unapita koili na dayodi bila kuulizwa. Kontakta ya betri ipitiwe kwanza na rezista ya omu 47, wati 10, kwa nusu sekunde. Bila hiyo cheche ya kujaza kapasita itagandisha vidole vya kontakta. Na kwa kuwa kontakta hutoa cheche na haidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 hewani, boksi hili likae chini ya usawa wa silinda na staki, na sehemu ya juu ya chumba chao iwe wazi.

Majaribio

Staki iache kabatini mpaka mwisho. Anza na pawasapulai ya meza, volti 12, kikomo nusu ampea, ikilisha draiva za geti pekee, koili na mosfeti zikiwa bado hazijapewa umeme. Tazama geti kwenye osiloskopu. Kama una mosfeti ya juu, usibane klipu ya ardhi ya probu kwenye kiungo cha koili. Tumia probu mbili na utoe usomaji wa moja kwenye wa nyingine.

Kisha mzigo. Hita za kuchemshia maji za volti 230, kilowati 3, zina ukinzani wa karibu omu 17.6. Tumbukiza tatu kwenye pipa la maji, ziunganishe sambamba, na kwenye volti 80 zitakula karibu wati 1,090. Moja ni wati 363, kipimo kizuri cha kuanzia. Usiwashe konveta bila mzigo kabla ya kuhakiki ile kompareta ya volti 95.

Badala ya staki tumia betri tatu za asidi za volti 12 kwa mfululizo, na kati yake na konveta rezista ya omu 0.2 ya waya mnene wa chuma uliozamishwa kwenye ndoo nyingine. Kwenye ampea 35 itameza wati 245 na kukuachia volti 29, karibu sawa na staki ilivyo. Panda kwa hatua ya wati 200, dakika 20 kila hatua, ukigusa kwa kipimajoto bamba, koili zote mbili, kapasita na kila terminali.

Koili moja ikiwa na joto kuliko nyingine, fezi hazigawani sawa au kuna uzi haukukwanguliwa. Zote mbili zikipiga mluzi, kitanzi kinayumba, kwa kuwa kilohezi 100 sikio haliisikii. Mosfeti ya chini ikifa mara tu unapopita wati 600 na kabla ya hapo ilikuwa baridi, tafuta mruko wa volti kwenye dreni, si joto. Elektroliti zikiwa moto na filamu zikiwa baridi, filamu ziko mbali mno na mosfeti.

Mwisho ni kupima ufanisi, na hapa watu hujidanganya kwa nia njema. Unahitaji namba nne: volti na mkondo pande zote mbili. Mita zikikosea asilimia 1 kila moja, jibu la 97 linaweza kusomeka 94 au hata zaidi ya 100. Soma volti kwenye skrubu za konveta yenyewe, si kwenye betri. Tumia shanti za aina moja, ampea 50 kwa milivolti 75, kisha zibadilishane pande na upime tena. Wastani wa vipimo viwili utaondoa kosa kubwa la shanti.

Kuna njia inayotegemeka zaidi. Endesha konveta kwa mzigo kamili mpaka joto la boksi lisimame, andika nyuzi zake na za hewa. Iache ipoe. Bana rezista ndani ya boksi lilelile, funga kifuniko, ilishe wati 30 kutoka kwenye pawasapulai ya meza, ongeza au punguza mpaka boksi lifike tofauti ileile ya nyuzi. Wati unazosoma kwenye pawasapulai ndizo konveta ilizokuwa ikipoteza ndani ya boksi, na kosa la asilimia 5 kwenye wati 30 ni wati moja na nusu tu.